Kengele ikilia, tutashuka kwa dakika ngapi?

Alhamisi moja hivi majuzi, yapata saa nne na dakika kumi asubuhi, kengele ya moto ililia katika jumba la ghorofa 14 jijini Nairobi ambamo nina ofisi yangu, kwenye ghorofa ya 11. Ililia kwa ukali wa kuumiza masikio. Nami, msomaji mpendwa, nakiri mbele yako kwamba sikuinuka. Niliinua macho tu, nikamtazama mwenzangu wa meza ya pili, naye akanitazama, kisha sote wawili tukairudia kazi yetu kana kwamba aliyelia ni mtoto wa jirani.

Tarishi wetu alipita akasema kwa yakini kwamba walikuwa wanajaribu mitambo. Katibu muhtasi aliendelea na barua yake, maana ilikuwa imebaki aya moja. Msimamizi wa fedha alikwenda kwanza kufunga kasha la pesa, akarudi kuhakikisha kwamba amelifunga. Kijana mmoja alikwenda dirishani kutazama moshi unatoka upande gani. Zilipita dakika nne au tano hivi ndipo sauti ya ukali kutoka ukumbini ikatuamuru tutoke sote. Niliinuka, nikarudi kuchukua koti, nikafika mlangoni nikakumbuka mwavuli. Nilipokanyaga lami ya barabarani, saa yangu ya mkononi ilinionyesha kwamba tangu kengele kuanza kulia zilikuwa zimepita dakika 23.

Haukuwa moto. Lilikuwa zoezi la kuondoka jengoni, ambalo wasimamizi waliamua kulifanya bila kututangazia, na kwa hilo nawapongeza. Lakini dakika 23 hizo zimeninyima usingizi, na ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Moto wa ofisini hautupi dakika 23. Viti vyetu siku hizi vimejaa sponji, sakafu zimetandikwa mazulia, kuta zimegawanywa kwa mbao nyembamba, na juu ya kila meza pana plastiki ya kila aina. Chumba kilichosheheni vitu kama hivyo chaweza kushika moto kote kwa dakika chache tangu cheche ya kwanza. Tena, anayeua zaidi si mwali wa moto, ni moshi. Ndani ya moshi huo mna hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu akili na miguu kabla hajang'amua kwamba amelegea. Wengi wanaokufa katika mioto ya majengo hupatikana hawana hata lengelenge.

Watu wengi hudhani kwamba muda wa kuokoka ni muda wa kushuka ngazi. La hasha. Kuna muda wa moto kugunduliwa na kengele kupigwa. Kuna muda wa watu kusadiki kwamba kengele inawahusu wao. Na mwisho kuna muda wa miguu. Wataalamu waliochunguza mikasa ya nchi mbalimbali wanakubaliana kwamba huo muda wa katikati, wa kusitasita, kuulizana, kukusanya vitu na kupiga simu, mara nyingi ndio unaopoteza zaidi. Mimi niliupoteza kwa ajili ya mwavuli, na siku yenyewe hata wingu halikuwapo.

Na huko kwenda dirishani nakuomba ukukumbuke vizuri. Asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, watu waliokuwa katika maofisi yaliyozunguka ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, walisikia mlipuko mdogo na milio ya risasi. Wengi walikimbilia madirishani kutazama. Mlipuko mkubwa ulipokuja, vioo vikawapasukia usoni. Watu 213 walikufa Nairobi siku hiyo na maelfu wakajeruhiwa, na miongoni mwa waliopona wako waliopoteza macho. Silaumu hata mmoja wao, nani angejua? Lakini sisi tuliobaki, na vijana waliozaliwa baadaye, tungalipo dirishani.

Sasa nizungumzie ngazi. Ngazi ya kawaida ya jumba la ofisi ina upana wa mita moja na ushei. Ikijaa watu wanaoshuka kwa utulivu, bila kusukumana na bila moshi, hupitisha watu wapatao 45 au 50 kwa dakika. Huo ndio uwezo wake, wala huwezi kuuongeza kwa kupiga kelele. Katika jumba letu, nikihesabu kwamba kila ghorofa ina watu 90, na nikiwaacha walio chini kabisa, tupo watu kama 1,170. Kwa ngazi moja, hesabu yatoa dakika 23 hadi 26. Kwa ngazi mbili, dakika 12 au 13. Jengo letu lilijengwa likiwa na ngazi mbili. Aliyelichora alizijua hesabu hizi vyema kuliko mimi, akaweka moja kando ya lifti na nyingine upande wa nyuma.

Ngazi ya nyuma imefungwa kwa mnyororo na kufuli.

Nilikwenda kumwona msimamizi wa jengo, mzee mmoja mstahivu, tukazungumza kwa adabu. Hakunificha neno. Alinieleza kwamba miaka michache iliyopita kompyuta tatu zilipitishwa mlango huo wa nyuma siku moja, wakati wa chakula cha mchana, na mpangaji aliyeibiwa akatishia kuhama. Mwenye jengo akaamuru mnyororo. "Mwanangu," aliniambia, "tangu nianze kazi hapa moto sijauona hata mara moja, lakini mwizi nimemwona mara nyingi."

Nakubali kwamba hoja hiyo ina uzito. Mwizi huja kila mwezi, moto huenda usije kwa miaka thelathini, na mtu hujikinga na adui amjuaye. Ila kompyuta hununuliwa nyingine. Isitoshe, hiyo si hoja ngeni. Mnamo Machi 25, 1911, katika jiji la New York, moto ulizuka kwenye kiwanda cha nguo cha Triangle kilichokuwa katika ghorofa ya nane, ya tisa na ya kumi. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenyewe walihofia wafanyakazi wasije wakatoka na vipande vya nguo. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana, baadhi kwa kujirusha madirishani. Magari ya zimamoto yalifika upesi, lakini ngazi zao zilikoma ghorofa ya sita. Hapa kwetu, huko Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 waliangamia katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana vyuma. Tulilia, tukazika, tukaunda tume. Kufuli zingalipo.

Tena mbona tunaambiwa tuchague baina ya mwizi na moto? Yako makomeo ya mlango wa dharura yanayofunguka kwa kusukumwa kwa kifua kutoka ndani, lakini kutoka nje hayafunguki, na mlango ukisukumwa king'ora hulia hadi chini kwa mabawabu. Mwizi akipita, atasikika jengo zima. Komeo la namna hiyo si mtambo wa ajabu. Lauzwa, na gharama yake haifikii bei ya kompyuta hizo tatu.

Jambo jingine nililoliona siku ile lilinifanya nicheke, ingawa si la kuchekesha. Mlango wa ngazi ya mbele, katika ghorofa ya saba, ulikuwa umeegemezwa ubaki wazi ili hewa ipite. Kilichouegemeza ni mtungi wa kuzimia moto. Mlango huo mzito, unaojifunga wenyewe, haukuwekwa kwa urembo. Umewekwa ili moto ukiwa ghorofa ya saba, moshi ubaki huko huko, nasi wa ghorofa ya 11 tupate njia. Ukiachwa wazi, ngazi yageuka dohani. Moshi hupanda kwa kasi ambayo hakuna binadamu awezaye kushindana nayo, ukakuta watu wamesongamana humo humo wanakotarajia kuokoka.

São Paulo, nchini Brazil, walijifunza hayo kwa bei kubwa. Februari 1, 1974, mtambo wa kupoza hewa ulishika moto kwenye ghorofa ya 12 ya jumba la Joelma, jumba la ofisi lenye ghorofa 25. Lilikuwa na ngazi moja tu, na moshi ukaijaza mapema. Halikuwa na kengele ya moto wala taa za dharura. Watu wengi walipanda juu ya paa wakingoja helikopta, kwa sababu miaka miwili kabla, katika jumba la Andraus la jiji hilo hilo, watu waliokolewa paani. Lakini paa la Joelma halikuwa na mahali pa helikopta kutua, na joto na moshi havikuruhusu. Watu zaidi ya 170 walikufa. Ndiyo sababu nashtuka kila nimsikiapo mwenzangu akisema, kwa kujiamini kabisa, kwamba siku ya moto yeye atapanda juu.

Wako pia wasemao kwamba watachukua lifti. Mwaka 1988, jumba refu la benki moja huko Los Angeles liliposhika moto usiku, mfanyakazi wa jengo alipanda kwa lifti kwenda kuangalia kengele imelilia nini. Lifti ilimfungulia mlango kwenye ghorofa ile ile iliyokuwa ikiwaka.

Mfano unaonipa matumaini, kwa namna ya kuhuzunisha, ni wa yale majumba mawili ya World Trade Center, yenye ghorofa 110 kila moja. Februari 26, 1993, bomu lililipuka katika maegesho ya chini. Umeme ulikatika, ngazi zikawa giza na moshi, na wako watu waliochukua saa kadhaa kutoka. Wakubwa wa majengo hayo waliona haya, nayo haya ni chanzo kizuri cha kazi. Waliweka taa zenye betri katika ngazi, wakapaka kingo za vidato rangi inayong'aa gizani, wakateua wasimamizi wa moto katika kila ghorofa, na mazoezi yakawa jambo la kawaida. Septemba 11, 2001, ndege zilipoyagonga, mnara wa kusini ulisimama kwa dakika 56 tu na wa kaskazini kwa dakika 102. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikadiria kwamba ndani yake mlikuwa na watu 17,400 hivi, na kwamba katika wale waliokuwa chini ya ghorofa zilizogongwa, 99 katika kila 100 walitoka wazima.

Lakini wachunguzi hao hao waliandika jambo jingine ambalo halisimuliwi sana. Asubuhi ile majengo hayakuwa yamejaa, maana saa za kazi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza. Yangekuwa na watu wake wote, 20,000 kila moja, ngazi zisingetosha, na huenda watu wapatao 14,000 wangekufa. Upana wa ngazi haujali ushujaa wa mtu.

Waingereza nao wana kisa chao ambacho wahandisi wa zamani walipenda kukitaja. Mei 1911, jukwaa la ukumbi mmoja wa michezo mjini Edinburgh lilishika moto katikati ya maonyesho. Pazia la usalama liliteremshwa, bendi ikapiga wimbo wa taifa, na hadhira ya watu wapatao 3,000 ikasimama na kutoka. Inasemekana walitoka kwa dakika mbili na nusu, na muda huo ukaja kuchukuliwa kuwa kipimo cha kupangia milango ya majengo. Waliokufa walikuwa nyuma ya jukwaa. Sijui kama sisi wa Nairobi tungetoka kwa kupigiwa wimbo wa taifa. Yamkini tungesimama wima hadi uishe.

Nirudi kwenye zoezi letu, kwa maana sijalisimulia lote. Tulipofika chini tulikuta foleni. Foleni ya nini? Bawabu mwaminifu, akishika maagizo yake, alikuwa akidai kila mgeni arudishe kadi aliyopewa asubuhi na kutia sahihi kitabuni saa aliyotoka. Kizuizi cha chuma kinachozunguka, ambacho hupitisha mtu mmoja mmoja, kilikuwa kikizunguka kwa zamu. Nyuma yetu ngazi nzima ilikuwa imesimama hadi ghorofa ya tatu. Nje, watu walijikusanya hapo hapo mlangoni, wakiwazuia wanaotoka, wengine wakavuka barabara kwenda kunywa chai. Hakuna aliyeita majina. Hakuna aliyejua nani ametoka na nani hajatoka.

Na yuko ambaye hakutoka. Katika ofisi yetu tunaye mhasibu, dada mmoja mwerevu, ambaye alipooza mguu utotoni na hutembea kwa magongo. Nilikuwa nimempita kwenye kibaraza cha ngazi, ghorofa ya 11, amesimama kando ili asitukwaze. Nilimwambia twende. Akatabasamu, akasema: "Nyinyi nendeni tu, kaka. Mimi huwa nangoja." Nikaenda. Nilishuka ghorofa kumi na neno lile "huwa" likinigonga kichwani. Amefanya kazi humo miaka sita. Katika miaka hiyo sita hajapata kuulizwa hata mara moja atashukaje.

Yawezekana kabisa kumshusha. Septemba ile ya 2001 mtu mmoja ambaye hutumia kiti cha magurudumu alibebwa na wenzake kutoka ghorofa ya 69 kwa kiti maalumu cha kuteremshia ngazi, kilichonunuliwa baada ya mkasa wa 1993, akafika nje mnara ukingali umesimama. Palihitajika kiti kimoja, watu wa kupokezana, na uamuzi uliofanywa kabla ya siku yenyewe. Hata bila kiti hicho, vijana wanne wenye nguvu walioteuliwa na kufanya mazoezi na kiti cha kawaida cha ofisini wangemfikisha chini. Wanne hao hatuwakosi. Kila Ijumaa hubeba makreti ya soda.

Wako watakaoniambia kwamba wa kulaumiwa ni zimamoto. Kaunti ina makosa yake, nami nimewahi kuyaandika. Ila tuseme gari limetoka kituo cha barabara ya Tom Mboya dakika ile ile tulipopiga simu, likapenya katikati ya matatu, mikokoteni na magari yaliyoegeshwa ovyo, likafika. Ngazi nyingi za magari hayo, popote duniani, hufika mita 30 hivi, yaani ghorofa ya tisa au ya kumi. Mimi niko ya 11. Upper Hill sasa kuna majumba yanayozidi ghorofa 30. Aliye huko juu hana mwokozi wa kumjia kwa nje. Anazo ngazi za ndani tu, na miguu yake.

Sheria nayo tunayo. Tangu 2007 kanuni za kupunguza hatari za moto mahali pa kazi zamtaka kila mwenye mahali hapo kufanya zoezi la moto angalau mara moja kwa mwaka na kuweka kumbukumbu za zoezi hilo kwa ajili ya ukaguzi. Ninachowaomba wakaguzi ni kitu kimoja kidogo: wasiridhike kuona tarehe na sahihi. Waulize dakika. Zoezi lisilopimwa kwa saa ni matembezi. Na dakika hizo zibandikwe ukumbini, kando ya lifti, ili kila mpangaji anayelipa kodi azione kabla hajatia sahihi mkataba. Nina hakika mwenye jengo atakayelazimika kuandika "23" kwa wino mweusi atautafuta ufunguo wa mlango wa nyuma siku hiyo hiyo.

Tunapenda kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo umekuwa mto wa kulalia. Mnyororo nimeuona kwa macho yangu, na umefungwa na mtu mwenye jina na mshahara.

Baada ya mazungumzo yetu, yule mzee msimamizi alikubali kunionyesha ngazi ya nyuma. Alitoa shada la funguo zisizo na alama, akazijaribu mmoja baada ya mwingine. Niliitazama saa yangu: dakika nne na nusu. Mlango ulipofunguka, tulikuta makatoni ya mafaili ya zamani, viti vilivyovunjika, na mti wa Krismasi wa plastiki. Aliahidi kumwandikia mwenye jengo barua. Juma lililopita nilikwenda kutazama tena, nikaona makatoni yameondolewa kuanzia juu hadi ghorofa ya nane. Mnyororo ungali mahali pake.

Nilimpasha mhasibu wetu habari hizo tukinywa chai ya saa nne. Alisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, kisha akaniuliza kama najua zoezi la mwaka ujao litakuwa tarehe gani, ili siku hiyo aombe ruhusa mapema asije kazini.